Shangazi, sikuukataa ugali wako

Shangazi,

Nakuandikia hapa mbele ya watu kwa sababu najua binti yako ndiye atakayekusomea kwenye simu, na mkianza kunibishia mtabishana wenyewe huko huko. Halafu nimekuja kugundua kuwa tuko wengi tulioacha ugali mezani mwa watu tukaonekana tuna maringo.

Nianze na Desemba ile. Uliamka alfajiri, ukamtuma mtoto akuletee samaki wawili wakubwa, ngege, ukawakaanga, kisha ukawachemsha kwa nyanya hadi mchuzi ukawa mzito. Ukasonga ugali wa mtama na muhogo, ule mweusi ambao huku Kisumu mjini naupata kwa bahati. Ukanikatia kipande cha kumshibisha mvuvi. Nikala matonge matatu. La nne liliponipita kooni nikainuka bila hata kuomba radhi, nikakimbilia kwenye migomba. Niliporudi ulikuwa umeifunika sahani yangu kwa sahani nyingine, na hukusema neno. Jioni ulinisindikiza hadi steji, na matatu ya Kisumu ilipokuwa ikijaza abiria ukaniambia polepole: "Mwana wa ndugu yangu, kama ni ugonjwa, niambie wewe kabla sijaambiwa na watu."

Nilijua unachouliza. Mtu wa kwetu akipungua kilo 33 ndani ya miezi sita, walioiona miaka ya 1990, ile ya ukimwi, hawahitaji kuambiwa waogope nini. Ningekujibu pale pale. Nilisema tu "niko sawa" nikapanda gari, na hilo ndilo kosa langu.

Nilipasuliwa, Shangazi, ili nipungue. Nilikuwa na kilo 131, presha imepanda, na sukari imeshabisha hodi. Wewe ndiwe uliyekuwa ukimsafisha baba kidonda cha mguu mpaka siku mguu wenyewe ulipokatwa, kwa hiyo kuhusu sukari sina la kukufundisha. Daktari, huko Nairobi, alipitisha vifaa kwenye matundu madogo, akaukata mfuko wa chakula kwa urefu wake na kutoa takriban asilimia 80. Kilichobaki ni kama mrija, umbo lake ndizi. Hakuna puto humo, wala mpira, yaliyosemwa kanisani ni ya kanisani.

Sehemu waliyoitoa ndiyo hutengeneza kwa wingi homoni ya njaa, inaitwa ghrelini. Basi njaa ikanitoka. Kuna siku saa tisa ilinikuta kazini ndipo nikakumbuka sijala tangu asubuhi. Lakini nikiwekewa sahani mbele, mkono ulikimbia vile vile. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba miaka yote hiyo sikuwa nafakamia kwa sababu ya njaa.

Likumbuke lile sinia lako la likizo ya Agosti. Watoto saba, ugali katikati kama kichuguu, omena pembeni. Aliyetafuna alilala na njaa. Kaka yangu mkubwa alikuwa bingwa: tonge la pili lilikuwa tayari limeviringwa mkononi la kwanza likiwa bado mdomoni. Wewe ulikuwa unatusifu! "Hawa wanakula kama watu wa kazi." Kisha nikaenda bweni, foleni ya chakula ikila robo saa na kengele ikitupa dakika tano za kumeza githeri. Kumeza, si kutafuna. Daktari alipunguza tumbo, Shangazi. Mkono aliuacha na elimu yake yote.

Wiki za kwanza zilikuwa rahisi kwa sababu hapakuwa na cha kufakamia. Maji kidogo kidogo kutwa nzima, supu iliyochujwa, maziwa, uji mwepesi, baadaye vitu vya kusagwa kama vya mtoto aliyeanza kula. Taabu ilianza niliporuhusiwa chakula cha kutafuna. Mtaalamu wa lishe aliniambia kila kipande kiwe kidogo kama harage, nikitafune mara 20 au 30 hadi kiwe uji, kisha niweke kijiko chini na kungoja. Mlo uchukue nusu saa. Maji yasiguswe wakati wa kula, na baada ya kula ningoje nusu saa nyingine. Samaki, yai au dengu vitangulie, kwa ajili ya protini. Ugali uje mwisho, nafasi ikibaki.

Sasa, mtu anayekula kwa mkono aweke kijiko gani chini? Mkono unabaki pale kando ya sahani umejikunja kama paka anayengoja utazame kwingine. Nilijaribu uma, nikajiona mgeni nyumbani kwangu. Mwishowe nilichofanya ni kuuweka mkono gotini, kiganja juu, baada ya kila tonge, nahesabu huku nikitazama saa ya ukutani. Mwezi mzima nilikula kama mtoto aliyeadhibiwa. Mama wa kibanda tunapokula mchana, pale Kondele, siku moja alinisimamia akauliza, "Madam, hicho chakula unakula ama unakisoma?" Nalipa sahani nzima, nusu naibeba nyumbani kwenye mkebe. Na wale wanaosema nilitafuta njia ya mkato, waje tu tule pamoja mchana mmoja.

Tumbo hili jipya lina kengele yake. Kuna wanaopata kwikwi, kuna wanaotokwa na kamasi. Mimi hupiga chafya. Chafya moja, na nimeshiba. Nikiipuuza nikaongeza hata tonge la kuonja, kifua hubana kana kwamba kuna mtu amekikalia, mate hunijaa mdomoni yakivutika kama mrenda, na kinachofuata ulikiona kwenye migomba.

Siku ile nilipiga chafya, labda hukumbuki. Ulisema ni moshi wa jikoni, ukasogeza dirisha. Nilijua si moshi. Lakini ulikuwa unanitazama mkono, na sahani ilikuwa bado imejaa, na mimi nimelelewa na wewe. Nikamega la nne, kubwa, na sikulitafuna.

Nywele ulizoziona zimepungua chini ya kitambaa nazo ni za jambo hili hili. Huwapata wengi kuanzia mwezi wa tatu hivi, mwili ukipungua kwa kasi, na zangu zimeanza kuota tena. Vidonge ulivyovikuta kwenye mkoba (ndiyo, najua ulifungua) ni vitamini, madini ya chuma na kalisi. Nitavimeza maisha yangu yote.

Kuna kitu kimoja nimekipata ambacho sikukitarajia. Mwezi uliopita nilikuwa Dunga na rafiki zangu. Wao walishamaliza, wanachokonoa meno, mimi bado niko kichwani mwa samaki. Nikatoa kile kinofu kidogo cha shavuni, kinachotoka kizima ukikisukuma kwa kidole gumba, nikakitafuna hadi mwisho. Kina utamu wake mbali, kama siagi, si sawa na mgongo. Nina miaka 38 na nimezaliwa karibu na ziwa, na nilikuwa sijawahi kukionja. Hata mboga yako ya osuga unayoilaza na maziwa siku mbili, sasa najua uchungu wake huja baadaye, ukishadhani umeisha.

Jumamosi hii nitakuja Ahero. Ngege mmoja mdogo atatutosha sisi wawili. Usinipakulie kwenye sahani kubwa, nipe kile kisahani cha bluu cha enameli ulichokuwa ukiwekea chumvi, kama hakijatoboka. Nikipiga chafya, ifunike sahani yangu kama ulivyofanya, nitaimaliza jioni. Na ukimaliza kula kabla yangu, usianze kukusanya vyombo. Kaa papo hapo unieleze tena jinsi mto Nyando ulivyoingia kwenye mpunga, usiruke hata kuku mmoja.