"Mtelemko naulima mie": barua kwa vijana wa bonde la Zigi

Wanangu wa kamati ya bonde, mlioko Amani, Kisiwani, Kihuhwi na huku chini kwenye bwawa la Mabayani,

Assalamu alaikum, na Bwana asifiwe kwa wenzetu wa upande wa Magila.

Rasimu ya mpango wenu wa kulinda maji ya mto Zigi, tunayoyanywa Tanga mjini, nimeletewa na mjukuu wangu. Nimeisoma siku mbili, kwa macho haya yaliyobaki. Mmeandika vizuri, ila neno "wadau" nimelikuta kila ukurasa, na neno "tope" nimelikuta mara moja tu, tena kwenye kiambatisho. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Mnanijua kama mzee wa bao pale barazani. Kabla ya hapo nilikuwa mtu wa mtambo wa kusafisha maji, kazi yangu kutia shabu na klorini. Shabu ndiyo ile ile mama zetu waliyokuwa wakiitia kwenye mtungi, tope likagandana na kushuka chini. Mtamboni ni hivyo hivyo, ila kwa magunia. Maji yakija meupe unatia kidogo. Yakija mekundu unatia mpaka mkono unauma, na klorini nayo inapoteza nguvu, kwa sababu vijidudu hujificha ndani ya tope kama panya kwenye makuti. Kwa hiyo anayelipia udongo ulioporomoka Amani ni mtu wa Ngamiani, huku Tanga mjini, anayefungua bomba.

Usiku mmoja wa vuli, miaka mingi nyuma, mvua ya kwanza ilishuka milimani baada ya kiangazi kirefu. Alfajiri maji yaliyoingia yalikuwa kama chai ya maziwa. Tukatia shabu hadi stoo ikabaki mifuko mitupu, tukazima pampu. Nyumbani kwangu mwenyewe, mke wa mtu wa maji akanunua madumu ya mkokoteni. Nilitaniwa mtaani mpaka Idi.

Wiki iliyofuata nilipumzika zamu, nikapanda gari la Amani, nikashuka njiani na kufuata kijito kimoja kwa miguu. Sikutembea sana. Nilikuta shamba la mahindi, limechomwa na kulimwa upya, mistari yote imeshuka moja kwa moja hadi majini. Mwenye shamba alikuwa bibi mtu mzima. Alinikaribisha, akanipa ndizi. Nilipoanza hotuba yangu akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Mwanangu, maji ya Tanga mnakunywa nyie. Mtelemko naulima mie."

Sikuwa na jibu. Niliaga nikaondoka. Na nyie, kwa jinsi nilivyosoma, jibu hamjalipata bado. Mmeandika kwamba wakulima "wataelimishwa". Bibi yule hakukosa elimu, alikosa ekari nyingine.

Hebu tupige hesabu pamoja. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zenye kuharibu, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ekari yetu ya kijijini ni hatua 70 kwa 70. Mwenye ekari moja iliyogusa kijito, mkimpimia mita 60, mmemwachia njia ya kupita mbuzi. Mkienda kwake na futi kamba na askari, atawaitikia "haya", na mvua ikinyesha atalima usiku. Sisemi sheria ivunjwe. Nasema kaeni kwanza na watu wa Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, maana Zigi iko chini yao, muulize ni kipi kinaruhusiwa kubaki pale ukingoni: majani ya malisho, mianzi, mikuyu. Halafu mwende kwa mkulima mkiwa na kitu mkononi.

Kitu chenyewe mnacho. Tanga ni mkoa wa maziwa ya ng'ombe. Mkulima akipanda majani ya mabingobingo au gwatemala juu ya makinga maji, yaani matuta yanayokata mtelemko, majani yanazuia udongo na yanalisha ng'ombe wa zizini, na maziwa yanaleta pesa kila wiki, siyo mara moja kwa msimu kama mahindi. Samadi nayo inarudi shambani, ilimradi zizi lisijengwe juu ya kijito, kosa nililoliona mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka. Iliki na pilipili manga zinakubali kivuli, lakini iliki ikifyekewa msitu chini, baada ya miaka udongo huchoka na mwenyewe huhamia kufyeka pengine. Waulizeni wazee wa Amani.

Na msimlaumu mkulima peke yake. Barabara zetu za udongo za milimani, kila mtaro wake unamwaga kijitoni. Milimita 50 za mvua juu ya hekta moja ni lita 500,000. Maji hayo yakiteremka kwenye barabara iliyokanyagwa hayazami, yanakimbia na udongo wake. Katika rasimu yenu barabara haimo. Iingizeni, na muiteni mhandisi wa halmashauri kwenye kikao cha kwanza, asiletewe taarifa kikao cha mwisho.

Dhahabu je? Wachimbaji wadogo huinasa kwa zebaki, mnajua ninachosema. Zebaki ikishaingia mtoni haiondoki kwa kuchemsha maji. Hapo sina upole: ni kazi ya serikali, na kazi yenu ni kutoa taarifa mapema.

Sasa kupima. Mmeomba mashine ya bei kubwa. Ombeni, lakini msingoje. Chukueni chupa nyeupe zinazofanana. Chagueni vijito vitatu, siyo bonde zima. Kila baada ya mvua, mtu yule yule, mahali pale pale, ajaze chupa, aiweke dirishani usiku kucha, asubuhi apime kwa rula unene wa tope chini, aandike tarehe na mvua. Baada ya masika na vuli mtajua ni kijito kipi kinachotupa tope jingi, na pesa zenu chache ziende huko kwanza. Chupa haioni kinyesi wala dawa ya shambani, hayo yanataka maabara, kwa hiyo wekeni kwenye mpango ni nani atachukua sampuli na nani atalipa. Mbolea ya kupandia, ile yenye fosfati, husafiri imeshikana na udongo, ndiyo inayonenepesha magugu bwawani. Mkizuia tope mmezuia na sehemu kubwa ya hiyo.

Kuhusu pesa, msiniambie hakuna. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga iliuza hatifungani ya kijani, yaani ilikopa kwa watu kwa ajili ya mradi wa kutunza mazingira, ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10, na watu wakainunua. Pesa ile ni ya miundombinu, siwaambii muigombanie. Lakini mji unaoweza kukopa kwa ajili ya mabomba unaweza kuzungumza na mtu wa juu milimani anayelinda maji yanayoingia humo. UWAMAKIZI, umoja wa wakulima wa Kihuhwi na Zigi, upo tayari na unaijua njia. Msiunde chombo kingine cha kushindana nao. Ingieni kwao.

Tanga tuna msemo wetu: waja leo waondoka leo. Miradi mingi ya maji niliyoiona ilikuwa hivyo: fulana, bango, picha ya pamoja, kisha gari jeupe likarudi lilikotoka. Ndiyo maana nataka kwenye mpango wenu jina la mtu wa kila kijiji atakayeshika daftari la mvua hata mfadhili akiondoka, na kikao cha kila mwaka kabla ya masika cha kulifungua daftari hilo mbele ya wote, wa juu na wa chini. Wa Ngamiani wapande Amani walione shamba. Wa Amani washuke mtamboni Mowe waone shabu inavyomiminwa. Nauli isiwe sababu, nitachanga.

Bibi yule alishafariki, Mungu amrehemu. Shamba lake analima mjukuu wake, naye nimesikia ana ng'ombe wawili. Anzieni kwake.

Chupa ninazo saba, zimeoshwa, ziko kwenye kapu nyuma ya mlango. Njooni mzichukue baada ya alasiri, kabla mawingu ya masika hayajakaa.

Mzee wenu wa barazani, Ngamiani