Salamu za Krismasi, na daftari la mzee

Wakubwa zangu shikamooni, wenzangu na wadogo zangu hamjambo. Najua mwaka huu nimechelewa, mlishazoea salamu zangu zinafika mapema mpaka mmoja wenu kaniandikia "dada umetususa?" Sijasusa jamani. Nimekaa mara tatu kuandika nikafuta, yale maneno ya siku zote heri na baraka na furaha tele yalikuwa hayatoki, maana ndo Krismasi ya kwanza mzee hayupo.

Basi nianze na ya wajibu yasije yakasahaulika. Nawatakia nyote Krismasi njema na heri ya Mwaka Mpya, Mungu awajalie afya, amani na riziki, awalinde nyie na watoto wenu, na wote waliofiwa mwaka huu awafute machozi. Amina.

Mwaka ulikuwa mgumu tusidanganyane. Vitu vimepanda, mshahara uko palepale, mwezi haujafika hata nusu mtu umeshaanza kuhesabu siku, na sisi wenye madeni tunajijua (msiniangalie hivyo). Ila hayo tunayasema kila mwaka, niyaache.

Mzee alipofariki mimi ndo nilipewa kazi ya kupanga makaratasi yake. Nikakuta madaftari manne, kumbe alikuwa anaandika kila siku mstari mmoja na hakuna aliyejua. Nikasema hapa sasa, hapa nitakuta wosia, nitakuta mawazo yake yale ambayo hakuwahi kutuambia, mzee wetu mnamjua alikuwa si mtu wa maneno. Nikafunga mlango nikasoma usiku kucha. Jamani! "Mvua asubuhi." "Nimekaza bawaba ya mlango wa nyuma." "Mguu unauma kidogo." "Nimelipa maji." "Jirani kaazima ngazi." Kesho yake, "Ngazi imerudi." Yaani madaftari yote manne ile ngazi inaenda inarudi, inaenda inarudi, nikacheka peke yangu kama chizi halafu kicheko kikageuka kilio. Hakuna hata ukurasa mmoja ambao kakaa akaandika nimeishi kwa ajili ya hiki na hiki. Niliudhika kidogo kwa kweli, nilikuwa natafuta kitu cha kusoma siku ya arobaini na nimeambulia ngazi.

Ndo nikaanza kutafuta jina langu. Nipo. "Kapiga simu, dakika nne." "Kapiga, dakika mbili, yuko kazini." Kurasa nyingi mbele, "Kapiga, dakika kumi na moja", na hii kaipigia mstari chini kwa rula. Kwa rula. Mimi hiyo siku siikumbuki kabisa, sijui tuliongea nini. Mimi nilikuwa najua mzee hapendi simu, kumbe alikuwa anaangalia saa.

Sasa mniruhusu nihubiri kidogo, mnanijua. Siku hizi kila kona ni kusudi, kusudi, gundua kusudi lako, na vijana wananifuata wamenyong'onyea, dada nina miaka ishirini na sita sijajua kusudi langu. Mdogo wangu, si wewe unayemkogesha bibi yako kila asubuhi kabla hujatoka? Hapo ulikuwa unasubiri kitu gani kingine? Tunalingoja kusudi kama mgeni rasmi, mpaka atangazwe, na huku siku zinapita na kila siku ilikuwa na kazi yake na mtu wake.

Someni Luka 2 tena, na msiikimbilie hori. Wale wachungaji habari iliwakuta kazini, Biblia yetu inasema walikuwa wanalinda kundi "kwa zamu" usiku, yaani walikuwa nait kama sisi wa wodini. Wameona malaika, wameona mtoto, halafu mstari wa 20 unasema wakarudi. Hakuna aliyeacha kazi kwenda kutafuta maisha makubwa zaidi, au kama yupo basi Luka hakumwandika. Mimi huo mstari nilikuwa nauruka miaka yote. Na huyo mtoto mwenyewe alikuja kuanza kuhubiri ana kama miaka 30, kabla ya hapo alikuwa fundi seremala tu. Hata yule Bruda Lawrence wa Paris, mtawa aliyefariki 1691, kazi yake ilikuwa jikoni na uzeeni akawa anashona viatu vya wenzake, na alisema kwenye makelele ya jikoni alikuwa na Mungu sawasawa na akiwa amepiga magoti. Mtu wa masufuria huyo, na leo bado tunamtaja.

Lakini msinielewe vibaya. Sisemi kufua ni ibada, kufua kunachosha na anayekwambia kunampa amani huyo ana mtu wa kumfulia. Wala sisemi mtu anyonywe kazini halafu aambiwe atafute maana humohumo, hapana, hiyo ni dhuluma na idaiwe. Nasema tu kwamba tukisubiri siku kubwa ndo tuanze kuishi tutakuja kukuta wenzetu walishaziandika zile ndogo, na dakika zake.

Kwa hiyo mpigieni mtu. Si meseji ya kusambaza kama hii yangu, mpigieni kabisa, na msianze na "niko bize kidogo".

Mimi tarehe 24 niko wodini, zamu ya usiku, naingia saa mbili natoka asubuhi ya Krismasi yenyewe. Ukipiga nisipopokea ujue nina mgonjwa mkononi, nitakupigia nikitoka. Na yule jirani wa mzee, kama unasoma, ile ngazi iko kwako na kaa nayo tu.