Barua kwa shoga yangu kuhusu pedi na pantilaina

Ngamiani, Tanga

Shoga yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Ama baada ya salamu, barua yako imenifikia, na nimefurahi kusikia kwamba mwanetu amevunja ungo salama na kwamba somo yake ameshamkalisha kitako akamfundisha yanayopasa kufundishwa. Umeniuliza jambo ambalo, kwa maneno yako mwenyewe, uliona haya kumwuliza kijana wa dukani: kwa kuwa pantilaina, kile kipande chembamba cha kubandika kwenye chupi, ni nyepesi na pakiti moja ina vipande vingi kwa fedha kidogo, je, haifai kumfungia hizo sandukuni anapokwenda bweni, na pedi zikabaki kuwa za dharura? Jibu langu ni hapana, na nitalieleza kwa kirefu kwa sababu naona wazo hilo limekukaa.

Pantilaina si pedi iliyopunguzwa bei. Pedi ina tabaka la juu linalogusa mwili na kupitisha damu, tabaka la kati la nyuzi laini zitokanazo na mbao, ambazo mara nyingi huchanganywa na chembechembe zinazonyonya maji na kuyashika yasirudi juu, na tabaka la chini la plastiki linalozuia damu isifike kwenye nguo. Pantilaina nayo ina gundi ya kushika chupi, lakini tabaka lake la kati ni jembamba mno, kwa hiyo haikukusudiwa kupokea zaidi ya mililita chache. Mwanamke kwa kawaida hutokwa na damu ya mililita 30 hadi 40 katika hedhi nzima, yaani vijiko viwili au vitatu vya mezani, na anayevuka mililita 80 huhesabiwa kuwa na hedhi nzito. Utasema ni kidogo, lakini damu hiyo huchanganyika na ute na utando wa mfuko wa uzazi, na sehemu kubwa hutoka katika siku mbili tatu za mwanzo. Tena haiji kwa mpangilio: msichana akikaa darasani vipindi viwili mfululizo kisha akasimama ghafla, iliyokuwa imetuama hushuka kwa mkupuo mmoja, na hapo ndipo sketi ya shule inapoingia doa.

Wapo wanaodhani watapata pedi kwa kubandika pantilaina mbili au tatu moja juu ya nyingine. Haiwezekani, kwa sababu plastiki iliyo chini ya ile ya kwanza hairuhusu damu kuifikia ya pili. Ile ya juu ikishalowa, damu hukimbilia pembeni na zile za chini hubaki kavu kama zilivyotoka kwenye pakiti. Utakuwa umelipa mara tatu na nguo imechafuka vilevile.

Sasa usije ukaelewa kwamba naidharau pantilaina, kwani ina kazi zake na inazifanya vizuri. Inafaa kwa ute wa kawaida, hasa zile siku za katikati ya mzunguko ambapo ute huwa mwingi, mwepesi na wenye kuvutika. Inafaa siku ambazo hedhi inatarajiwa lakini haijaonekana. Na inafaa mwishoni, damu inapokuwa imebaki rangi ya kahawia tu. Inakufaa zaidi wewe kuliko binti, maana umenieleza kwamba tangu uanze sindano ya uzazi wa mpango unaona matone ya hapa na pale yasiyo na ratiba, jambo ambalo huwapata wengi wanaotumia sindano au kipandikizi. Kwa matone ya namna hiyo pedi nzima ni mzigo na joto la bure. Nasi tunaosali tuna haja nyingine. Katika madhehebu yetu ya Shafii hedhi haizidi siku 15, na damu inayoendelea baada ya hapo ni istihadha, ambayo haimwondolei mwanamke sala. Hujisafisha, hujizuia kwa kitu cha kuzuia damu, kisha hutawadha kwa kila sala ya faradhi baada ya wakati wake kuingia. Kwa matone machache ya istihadha, kubadilisha pantilaina kila wakati wa sala ni jambo jepesi kuliko kubadilisha pedi. Hukumu ya siku zako hasa muulize ustadhati wako, kwa kuwa mimi si mwanachuoni.

Hata hivyo nisingependa binti azoeshwe kuivaa kila siku ya mwezi kana kwamba mwili wake ni mchafu. Ute mweupe au usio na rangi, usiowasha wala kunuka, ni afya, na chupi safi ya pamba inautosha. Kitu chenye plastiki kikikaa mwilini kutwa, kwa joto letu la pwani, huweza kuleta unyevu na michubuko, na zile zilizotiwa manukato huwasha ngozi za wengi, kwa hiyo chagua zisizo na harufu, iwe pedi au pantilaina. Ute ukigeuka rangi ya kijani au kijivu, ukawa kama maziwa yaliyoganda, au ukaja na harufu kali na muwasho, usimpe pantilaina ya kuuficha, mpeleke zahanati.

Tukirudi kwenye sanduku, mwanzoni mizunguko ya wasichana huyumba, na muda wa siku 21 hadi 45 kati ya hedhi na hedhi si ajabu kwa umri wake, kwa hiyo awe na pedi hata katika wiki ambayo hakuitarajia. Pedi hubadilishwa kila baada ya saa nne hadi sita mchana, hata kama haijajaa. Ukikadiria vipande vinne kwa siku kwa siku sita, utapata 24, ambavyo ni pakiti tatu za vipande vinane kwa kila hedhi. Mnunulie zenye mabawa, na katika hizo pakiti moja iwe ya usiku, zile ndefu zinazofika nyuma. Najua gharama inauma. Mwaka 2018 serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike, kisha mwaka uliofuata ikairudisha kwa hoja kwamba bei kwa mnunuzi haikushuka. Sisi wanunuzi tulibaki palepale. Pedi za kitambaa za kufua ni nafuu kwa muda mrefu, ila zinahitaji maji ya kutosha na kuanikwa juani, na katika bweni la wasichana wengi sijui nani ataanika yake hadharani. Azitumie akija likizo.

Mwambie pia asitupe pedi wala pantilaina kwenye choo cha kuvuta maji, bali azifunge kwa karatasi na kuziweka kwenye pipa. Na ikitokea pedi inalowa yote ndani ya saa moja, tena kwa saa kadhaa mfululizo, amwone matroni bila kungoja asubuhi.

Pakiti za usiku nitazinunua mimi huku na kuzituma kwa basi la Alhamisi pamoja na chupi nyeusi za pamba. Wewe nunua zilizobaki, na pantilaina pakiti moja tu, nusu yake uibakize kwako.

Wasalaam,
Shoga yako wa Tanga