Barua ya kufunga muhula: umeme, kuni na mwembe wa popo

Assalaam alaykum wazazi na walezi,

Muhula wa kwanza tunaufunga salama, alhamdulillah. Ripoti zitatolewa Ijumaa asubuhi, na kila ripoti achukue mzazi au mlezi mwenyewe, si kaka mtu wa darasa la sita. Tarehe ya kufungua skuli imeandikwa chini ya ripoti.

Barua hii lakini nimeiandika kwa jambo jengine, maana malalamiko yamenifikia. Baba mmoja amesema mwanawe wa darasa la nne amemzimia televisheni mpira ukiwa katikati. Bibi mmoja naye amekuja kuuliza ni nani aliyemfundisha mjukuu wake kukagua vyungu jikoni kama vimefunikwa. Ni sisi. La mpira tutazungumza na mtoto; la chungu, bibi atuwie radhi, mjukuu yuko sawa.

Muhula huu madarasa ya tatu, nne na tano yamesoma kutunza nishati na kulinda wanyama wa porini. Mwalimu wa sayansi alianza kwa kuuliza nishati ni nini. Mtoto mmoja wa nyuma kabisa akajibu: "Ni lile jua linalokausha karafuu juu ya jamvi." Kitabuni halimo jibu hilo, na mimi naliona bora kuliko la kitabu.

Umeme ulikuwa mgumu zaidi kwao. Hawa hawakuzikuta zama za majenereta ya dizeli. Kwao umeme ni namba za tukuza, yaani umeme wa kulipia kabla, zinazoingizwa kwenye mita, basi. Wamefundishwa kwamba tangu mwaka 2010 umeme wa Pemba unatoka Tanga, umelazwa kwa waya chini ya bahari, na kwamba kila uniti imezalishwa mahali fulani, zaidi kwa maji ya bwawa au kwa gesi. Kisha wakapiga hesabu. Glopu ya kizamani ya wati 60 ikiwaka saa tano kila usiku, kwa siku 30 inakula uniti 9. Taa ya LED ya wati 9, kwa saa hizo hizo, haifiki uniti moja na nusu. Pasi ya wati 1,000 inamaliza uniti nzima kwa saa moja, kwa hiyo mkiona mtoto anataka nguo za wiki nzima zipigwe pasi siku moja, msimgombeze.

Nami sikusalimika. Ijumaa moja nilifunga ofisi nikaacha feni na taa mpaka Jumatatu. Watoto wa zamu wakaliandika jina langu ubaoni, la kwanza, kwa herufi kubwa. Sikulifuta.

Lakini tusidanganyane, nishati kubwa ya nyumba zetu haipiti kwenye mita. Ni kuni. Tuliwatuma watoto waandike nyumbani kwao kunapikiwa nini, na madaftari yalirudi na makumbi, vifuu, makuti, matagaa ya mikarafuu, na kwa wale wa pwani, mikoko. Hapo mwalimu hakuhitaji kueleza sana. Watoto wa pwani wenyewe wamewasimulia wenzao kwamba pale mikoko ilipokatwa, maji ya chumvi yamepanda mpaka kwenye bonde la mpunga. Tunachokiomba jikoni ni kidogo: kuni zikauke kabla ya kuwashwa, chungu kifunikwe, maharage na choroko zilale majini usiku mmoja, na mwenye nafasi ajenge jiko la udongo badala ya mafiga matatu ambayo moto wake mwingi unapepea nje.

Kutoka kwenye kuni tukafika kwa popo. Darasa la tano lilikwenda Kidike, msitu wa popo hapa Pemba, wakawaona popo wa Pemba wananing'inia mchana kweupe kwenye miti mirefu, mamia kwa mamia. Popo huyu hapatikani pengine popote duniani. Mabawa yake yakikunjuliwa yanafika kama mita moja na nusu, na jike kwa kawaida huzaa mtoto mmoja tu. Wazee wanakumbuka alivyokuwa kitoweo, na jinsi mwishoni mwa miaka ya 1980 alivyokaribia kumalizika kwa kuwindwa na kwa misitu kufyekwa. Waliomrudisha ni wanavijiji wenyewe, waliokubaliana kuacha kumwinda na kulinda miti anayolala. Anakula embe zetu, kweli. Lakini hubeba tunda, akalila mbali na kuangusha kokwa huko, na miti mingi ya porini imepandwa na yeye bila mtu kushika jembe.

Sasa nije kwenye mwembe wa nyuma ya skuli. Kwenye kikao kilichopita palitolewa rai ukatwe: popo wanachafua ukuta, wanapiga kelele wakati wa embe, na kuni zake zitatosha kupikia uji wa watoto. Hoja ya kuni ina uzito, kwa sababu mzigo mmoja jikoni kwetu haufiki siku tatu. Hata hivyo mimi napinga. Siwezi kumfundisha mtoto mwezi mzima habari ya nyumba ya popo, kisha arudi likizo akute kisiki. Ukuta tutaupaka chokaa. Kuhusu kuni, naomba kila nyumba yenye makumbi ya ziada itupe gunia moja, na fundi yeyote wa majiko ya udongo aliyeko kijijini ajitokeze tuelewane.

Kikao cha kulimaliza jambo hili ni Jumamosi ya mwanzo baada ya kufungua, saa nne asubuhi, chini ya mwembe wenyewe. Mvua ikinyesha tutaingia darasa la tano. Njooni, hata mnaonipinga.

Wassalaam,

Mwalimu Mkuu