Risala ya Wazee Wakulima wa Korosho kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Wazee Duniani, Newala

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, mgeni wetu rasmi, viongozi wa chama na Serikali, wazee wenzetu. Shikamoo zenu tumezipokea, marahaba.

Oktoba 1 imetukuta korosho zimeanza kudondoka, ndiyo maana viti vingine vitupu. Wenyewe wako shambani, wanaokota. Na ndilo lililotuleta kwako: mkulima hana tarehe ya kustaafu.

Mwalimu wa Serikali hustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, kwa lazima akiwa na 60. PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, humlipa mkupuo, kisha pensheni kila mwezi. Kikokotoo, ile kanuni ya kupigia hesabu mafao yake, kinamkera, nasi tunamsikitikia, lakini yeye ana cha kukokotoa.

Kwetu, Mheshimiwa, mtu na mkorosho wake huzeeka pamoja. Miti imechoka kuzaa, ugonjwa wa ubwiriunga hauna huruma, na mashine ya kupulizia salfa haibebeki kwa goti bovu, hivyo tunalipa vijana. Ukiugua Julai, fedha ya msimu uliopita imekwisha na mkorosho ndiyo kwanza unachanua. Hapo ndipo mtu wa kangomba, mnunuzi wa magendo, hubisha hodi. Anakuachia hela ya dawa, anaondoka na magunia ambayo hayajazaliwa.

NSSF, Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, imetufungulia mlango sisi tuliojiajiri, tunashukuru. Ila kuchangia kidogo kidogo mwaka mzima kunamtesa anayelipwa kwa msimu. Korosho zetu zinapita stakabadhi ghalani, yaani tunazipeleka ghala la pamoja na kupewa hati, zinapigwa mnada, fedha inaingia benki ikiwa imeshakatwa. Makato tumeyazoea! Tunaomba utufikishie ombi hili NSSF na Bodi ya Korosho: kwa atakayejaza fomu kwa hiari yake, kikatwe kiasi kidogo kwa kila kilo, kiingie kwenye akaunti yake ya uzeeni, naye apewe risiti. Risiti tunaisisitiza, maana tumewahi kukatwa bila kuelezwa.

Hilo litawafaa zaidi wanetu. Kwa sisi ambao jua limeshatuchwea, tunaomba Serikali iitazame Zanzibar. Tangu 2016, aliyefika miaka 70 hupata pensheni jamii bila kujali alikuwa na ajira gani. Ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi. Hapa Newala hizo ni chumvi, sabuni na nauli ya hospitali, bila kumpigia mwanao aliyeko Dar es Salaam akujibu, "Mwisho wa mwezi, mama."

Mheshimiwa mgeni rasmi, tunaomba kuwasilisha.