Barua kwa mwanangu: pimeni gari kabla ya kwenda kaskazini

Malindi, Jumapili baada ya magharibi

Mwanangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Huku sote wazima, ila kuku wawili wamekufa na mamako anasema ni mdondo.

Picha aliyonitumia mumeo nimeiona. Gari lenu la safari ya Marsabit na Ziwa Turkana limependeza, sikatai. Kabati zimekaa sawa, milango yake imefunga bila mwanya, na kitanda kile cha kukunja ni kazi ya mtu mwenye subira. Lakini juu ya paa nimeona tangi jeusi ambalo mwezi uliopita halikuwepo. Ni la lita 60, au macho yangu? Nijibu swali moja tu, na usinijibu kwa kucheka kama ulivyozoea: gari hilo mmelipima?

Lita moja ya maji ni kilo moja. Mkiwa na lita 90 ndani na 60 juu, hizo ni kilo 150, na bado hamjapanda nyinyi. Dizeli ni nyepesi kidogo, jerikeni ya lita 20 ina kama kilo 17 bila ya chuma chenyewe. Tairi la spea na rimu yake ni kilo 30 na zaidi, na mtahitaji mawili. Mtungi wa gesi, betri ya pili, friji, jeki, koleo, hivyo vyote hesabuni. Kisha zije mbao. Ubao mmoja wa mvule wa futi 10 kwa futi 1, unene inchi 1, ukiwa mkavu una karibu kilo 15. Nenda kahesabu ni mbao ngapi zimo humo. Mvule hauliwi na mchwa wala haupindi, ndiyo maana watu huutengenezea milango, na mlango haumwendei mtu Marsabit. Najua mbao zimetoka kwenye stoo yangu. Najua pia nani aliyesema mbao laini ni aibu. Basi, tuyaache.

Kule Gongoni malori ya chumvi yana mizani yao. Ongea na karani kwa adabu, mpite gari likiwa limejaa kila kitu, maji, mafuta, vyombo, na nyinyi wenyewe mkiwa ndani. Kwanza magurudumu ya mbele peke yake, halafu ya nyuma peke yake, kisha yote pamoja. Linganisheni na kibati cha kiwanda kinachoonyesha uzito wa juu kabisa. Land Cruiser ina nguvu ya kuvuta kupita nguvu zake za kubeba, na hapo ndipo watu hudanganyika. Injini hailalamiki, mtu akaona mambo sawa. Huko nyuma springi zimeshanyooka. Hata punda wa Lamu hupakiwa mawe kwa hesabu.

Mkikuta uzito umezidi, tangi la paa ndilo la kwanza kushuka. Uzito wa juu hulifanya gari liyumbe kwenye kona, na upepo wa kule si huu wa kaskazi tunaouanikia nguo. Maji yakae chini, katikati ya ekseli mbili, si nyuma kabisa. Lita 90 zinawatosha kwa siku nne mkihesabu lita 6 za kunywa kwa kila mtu kwa siku, na zinazobaki ni za kupikia na kuosha. Kuoga subirini.

Kutoka Isiolo hadi Marsabit ni kilomita kama 260 za lami nzuri, nayo ndiyo itakayowalaghai, maana kwenye lami uzito hauumi. Utauma mkiiacha pale Laisamis kushika njia ya Loiyangalani, ule mji wa kando ya Ziwa Turkana, zaidi ya kilomita 200 za changarawe. Njia hiyo ilitengenezwa upya ili kupitisha mitambo ya umeme wa upepo, ile 365 mtakayoiona kabla ya kuteremka ziwani, kwa hiyo ni pana na inapitika. Lakini changarawe hujikunja kama bati. Kila mkunjo ni pigo, na gari likizidi uzito kila pigo linafika kwenye chuma. Shoki hupata moto, mafuta yake huvuja, halafu springi inabaki kufanya kazi peke yake mpaka jani moja, yaani bamba moja la chuma la springi, linakatika. Mtajuaje? Gari litalala upande mmoja, na tairi litaanza kusugua. Simameni hapo hapo. Mnainua, mnatia gogo gumu baina ya ekseli na fremu, mnafunga kwa waya na mikanda, mnakwenda pole pole hadi kwa fundi. Chukueni jani kuu moja la akiba na boliti zake mbili za U, zile zinazofunga springi kwenye ekseli. Huo ni uzito unaojilipia.

Kila baada ya saa moja ya mikunjo shukeni, gusa shoki kwa nyuma ya kiganja. Ikiunguza, pumzikeni nusu saa. Kazeni nati za magurudumu na boliti za U baada ya kilomita 100 za kwanza za vumbi. Afadhali mzijaribu hizo kilomita huku huku kwetu, mwende njia ya Sala hadi lango la mbuga ya Tsavo Mashariki mrudi siku hiyo hiyo, gari likiwa na mzigo wote. Kitakacholegea kilegee karibu na nyumbani.

Presha ya matairi pimeni asubuhi, tairi likiwa baridi. Kwa mzigo huo, kwenye lami nyuma PSI 42 hadi 45, mbele 36. Kwenye changarawe punguzeni kama robo, na mwendo upungue vilevile. Kwenye mchanga mzito shukeni hadi 20, na mkitoka tu mjaze tena kabla ya kukimbia. Karibu na ziwa kuna mawe meusi ya volkano. Hapo msishushe sana, tairi laini hutanuka ubavuni na jiwe linachana pale pasipozibika. Pampu ya umeme inayofungwa kwenye betri mnunue nzuri, si ile ya kuchomeka kwenye kiberiti cha gari.

Na tairi likipasuka ufungue wewe pia, si mumeo tu. Kaka zako niliwaonyesha wakiwa wadogo. Wewe ulikuwa unaitwa jikoni. Kwa hiyo soma hapa: zuia magurudumu mengine kwa mawe, breki ya mkono ikaze, legeza nati gari likiwa bado chini, nusu mzunguko kila moja. Chini ya jeki weka kipande cha ubao, futi moja kwa futi moja, la sivyo jeki itazama mchangani na gari libaki pale pale. Lile tairi bovu lisukume chini ya fremu wakati mnafanya kazi, jeki ikiteleza gari liangukie tairi, si mguu wako. Nati unazirudisha kwa kuruka, moja kisha ile iliyo mkabala nayo, na unakaza mwisho gari likiwa chini. Fanya mara mbili hapo uani kabla hamjaondoka. Nakuomba.

Jangwa la Chalbi pitieni wakati wa kiangazi tu, na mfuate alama za magurudumu zilizopo. Juu panang'aa kwa chumvi, chini kuna tope, na gari zito huvunja lile ganda ambalo gari jepesi limepita juu yake salama. Unaona ninavyorudi pale pale? Ardhi ikiwa nyeusi nyeusi, ina maji. Rudini. Wala msilale ndani ya laga, ule mto mkavu, kwa kupenda mchanga wake laini. Mvua hunyesha mbali milimani, kwenu mbingu nyeupe, na maji yakafika usiku.

Wanyama ndio mnaowafuata, na hapo sina ugomvi. Kaeni kwenye mbuga za Samburu na Buffalo Springs siku tatu, msipite mbio. Tokeni saa 12 asubuhi, saa 4 mrudi kivulini. Mtazame punda milia wa Grevy, mistari myembamba, tumbo jeupe, masikio mapana ya duara. Twiga wa huko ana mabaka makubwa yenye mipaka myeupe kama wavu. Swala twiga mtamkuta amesimama kwa miguu ya nyuma anakula majani ya juu, na choroa ana pembe ndefu zilizonyooka. Mbuni dume wa huko ana shingo na miguu ya rangi ya buluu kijivu. Tembo hushuka mto Ewaso Ng'iro kunywa. Zimeni injini, msizibe njia yao ya mtoni, wala msikae baina ya mama na mtoto. Marsabit kwenye msitu wao ni wagumu kuonekana, nendeni Ziwa Paradise jioni mkae kimya.

Na maembe. Najua mtabeba maembe ya kwetu. Tembo hunusa tunda kutoka mbali, na ukuta wa bati kwake si kitu. Yamalizeni kabla ya Isiolo. Joto likizidi usiku msilale na mlango wazi kama mko barazani. Fungueni madirisha yenye wavu, mlango ufungwe. Loiyangalani pua ya gari ielekee upepo, nao huvuma zaidi usiku hadi asubuhi. Ziwani kuna mamba, msiingie kuosha miguu. Mafuta mjaze Isiolo na Marsabit, kwingine mara nyingi huuzwa kwa chupa na hamjui kilichochanganywa.

Mkwe wangu mwambie kazi yake ya mbao nimeisifu mbele ya watu msikitini. Asipunguze kabati zote, mbili za juu tu, zile za mlangoni. Nitazihifadhi stoo.

Paa la jikoni limeanza kuvuja pale kwenye bomba la moshi, nimemwita mtu wa makuti, amesema Jumatano. Sukari ya mamako imeteremka kidogo, kipimo cha juzi kilikuwa kizuri, ila anakula haluwa akidhani simuoni. Bili ya maji imekuja mara mbili. Mamako anauliza sufuria yake kubwa ya biriani, ile yenye mfuniko mzito. Nimeiona pembeni ya ile picha, chini ya kitanda. Watu wawili hawapiki biriani ya watu 20 jangwani. Iache hapa mkipita kwenda Gongoni, ni kilo 6 ile.

Babako