Kila Mtahiniwa Awe na Kitabu Chake: Wito wa Harambee ya Vitabu Teule vya Kiingereza

Kwa wazazi wetu, wanafunzi wetu wa zamani, wazee wa mitaa, viongozi wa dini na ndugu zetu wote mlio mbali,

Tunawasalimu kutoka Ganze, Kaunti ya Kilifi.

Katika kabati la idara ya Kiingereza shuleni kwetu mna nakala ya riwaya teule, yaani iliyoteuliwa kutahiniwa, iliyokatwa vipande vinne. Haikukatwa kwa uzembe. Wanafunzi wa kidato cha nne waliikata wenyewe kwa wembe, baada ya kuniomba ruhusa kwa adabu, kwa sababu nakala zilikuwa saba, wao walikuwa 58, na kila mmoja alitaka kwenda nyumbani na kitu cha kusoma. Niliwaruhusu, na tangu siku hiyo vipande hivyo vinazunguka darasani kwa zamu. Anayepangiwa kipande cha tatu huianza hadithi katikati, akafika mwisho kabla hajajua ilivyoanza, kisha akasubiri wiki mbili apate mwanzo wake. Nimefundisha Kiingereza kwa miaka mingi na sijaona watoto wenye hamu ya kusoma kuliko hawa, wala sijawahi kuona hamu ikinyimwa namna hii. Ndiyo maana kamati ya harambee imeniomba niwaandikie mimi, mwalimu wao, badala ya mwenyekiti.

Wengi wenu mnauliza kwa nini tunachangisha pesa za vitabu ilhali paa la bweni nalo linavuja. Jibu limo ndani ya mtihani wenyewe. Kiingereza cha KCSE, mtihani wa taifa wa kumaliza kidato cha nne, kina karatasi tatu zenye jumla ya alama 200. Karatasi ya kwanza ina alama 60, nayo hupima uandishi wa kiuamilifu kama barua na ripoti, kifungu cha kujaza mapengo na stadi za kuzungumza. Ya pili ina alama 80, na ndani yake mna ufahamu, dondoo kutoka kitabu teule, fasihi ya shairi au ngano, na sarufi. Ya tatu ina alama 60 na ni ya insha tupu: moja ya kubuni na mbili kuhusu vitabu. Dondoo peke yake lina alama 25, na kila insha ya kitabu ina alama 20. Ukijumlisha utaona kwamba alama 65, ambazo ni karibu thuluthi nzima ya mtihani, hutoka moja kwa moja katika vitabu vitatu ambavyo mwanafunzi ama amevisoma ama hakuvisoma.

Wapo wanaodhani kwamba pengo hilo huzibwa na miongozo, yaani vile vijitabu vya muhtasari vinavyouzwa madukani na kunakiliwa kwa mashine. Mwongozo humweleza mtoto kwamba mhusika fulani ni mchoyo na kwamba maudhui ni ufisadi au ndoa. Dondoo, hata hivyo, humwekea mtahiniwa ukurasa mmoja mbele yake na kumuuliza ni jambo gani lililotokea mara tu kabla ya maneno hayo, nani alikuwepo, na kejeli iko wapi katika jibu la mhusika wa pili. Insha nayo humtaka athibitishe kila hoja kwa matukio, na mtahini hatoi alama za kutosha kwa hoja isiyo na tukio. Nimesahihisha mamia ya insha za majaribio hapa shuleni, na kwa aya mbili tu huwa ninamtambua aliyesoma kitabu na aliyesoma mwongozo. Huyu wa pili huandika sentensi ambazo wenzake kumi wameziandika vilevile, neno kwa neno. Si mvivu, maskini. Amekariri alichopewa.

Kuna ugumu mwingine ambao watu wa mjini huenda wasiuone kwa urahisi. Mtoto wetu huzungumza Kigiriama nyumbani na Kiswahili sokoni na njiani, kisha akakutana na Kiingereza darasani pekee. Kiswahili hutamkwa kama kinavyoandikwa, na mkazo wake hukaa karibu kila mara kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mtoto aliyezoea utaratibu huo huletewa karatasi ya kwanza inayomtaka aonyeshe herufi isiyotamkwa katika neno kama debt, au aeleze kwamba neno record likiwa nomino hukazwa mwanzoni na likiwa kitenzi hukazwa mwishoni. Matamshi yenyewe hupimwa kwa maandishi, kwa hiyo mtoto anayekisia tu hana pa kujificha. Katika sarufi hali ni hiyo hiyo. Sisi husema mezani, nyumbani na shuleni kwa kiambishi kimoja, ilhali Kiingereza mara nyingi hudai vihusishi tofauti kwa mahali tofauti. Na kwa kuwa "yeye" wetu ni mwanamume na ni mwanamke, hata mwanafunzi hodari huandika he akimzungumzia mama yake. Makosa haya hayaondoki kwa kufokewa wala kwa kukariri kanuni ubaoni. Huondoka polepole, kwa kusoma kurasa nyingi za Kiingereza kizuri, hadi jicho lizoee lenyewe. Kurasa hizo hatuna.

Hata hivyo, sitaki mdhani kwamba watoto hawa wanaanza bila kitu. Karatasi ya kwanza huweza kumuuliza mtahiniwa angefanya nini ili ngano iwavutie wasikilizaji: angebadilisha sauti wapi, angetumia ishara gani za mkono na za uso, angeanzaje ili kuwaamsha waliosinzia. Watoto wetu wamekaa miguuni pa bibi zao wakisikiliza ngano za sungura na fisi, na wanajua vyema kwa nini bibi hunyamaza kabla ya kulitaja zimwi. Wanachokosa ni msamiati wa Kiingereza wa kulieleza jambo wanalolijua. Muhula uliopita tulimwalika mzee mmoja wa kijiji aje kutamba ngano darasani, kisha wanafunzi wakaandika kwa Kiingereza kila mbinu waliyoiona. Alasiri ile ilizaa majibu bora kuliko wiki tatu za maelezo yangu, na tumeamua kuwaalika wazee kila mwezi. Hilo halihitaji pesa zenu. Nawaomba tu wazee wanaosoma barua hii wasichoke tukiwaita.

Baadhi ya wazazi wamenieleza waziwazi kwamba siku hizi Kiingereza si lazima kimbebe mtoto, kwa kuwa tangu mwaka 2023 daraja la wastani la KCSE hukokotolewa kwa kutumia Hisabati, lugha moja ambayo mtoto amefanya vizuri zaidi, na masomo mengine matano bora. Ni kweli, na watoto wetu wengi Kiswahili ndicho kitakachowahesabia. Lakini mtihani wa Biolojia umeandikwa kwa Kiingereza, vivyo hivyo Historia, Jiografia, Kilimo na Biashara. Mtoto asiyeelewa kama swali la Kemia linataka aeleze au ataje tu atapoteza alama za Kemia, si za Kiingereza, na hakuna atakayejua kwamba ni lugha iliyomponza. Alama ya C+, ambayo ndiyo ya chini kabisa ya kumwingiza mtu chuo kikuu kusomea shahada, mara nyingi hupotea katika masomo hayo mengine.

Swali la pili ni zito zaidi, na naliheshimu. Mfumo wa 8-4-4, yaani miaka minane ya shule ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu, unakwisha. Watoto walioingia kidato cha kwanza mwaka 2024 ndio wa mwisho, nao watafanya KCSE mwaka 2027, huku wenzao wa mtaala mpya wakiwa tayari wameingia Gredi ya 10 mwezi wa Januari mwaka huu wa 2026. Je, ni busara kununua vitabu vya mtihani uliobakiza miaka miwili? Kamati ilibishana juu ya jambo hili mikutano miwili mizima. Mimi naamini kwamba hatuwezi kuwaambia watoto 124 walio kidato cha tatu na cha nne kwamba walizaliwa mapema mno au wamechelewa mno. Riwaya nzuri, isitoshe, haiozi kwa sababu mtihani umebadilika. Kiingereza ni somo la lazima katika mtaala mpya pia, na nakala hizi zitakapomaliza kazi ya KCSE zitaingia kwenye rafu za maktaba, zikasomwe na watoto wa Gredi ya 10 hadi ya 12 kama vitabu vya kusoma kwa starehe.

Sasa nije kwenye hesabu. Tunataka kila mtahiniwa awe na vitabu vyake vitatu: riwaya, tamthilia na mkusanyiko wa hadithi fupi. Kwa wanafunzi 124 hizo ni nakala 372, na tukitoa nakala 31 nzima tulizo nazo zinabaki 341. Muuzaji wa vitabu mjini Kilifi ametukubalia bei ya shilingi 600 kwa nakala, nasi tunahitaji shilingi 204,600. Tulifikiria kwanza kununua za kidato cha nne pekee kisha zirithiwe, ila kidato cha tatu kinaanza vitabu hivi muhula huu huu, na mtoto anayesubiri hadi Desemba atakuwa amepoteza mwaka. Kamusi 20 za kuwekwa darasani zitagharimu shilingi 26,000. Taa za sola za madarasa mawili, pamoja na betri na kazi ya fundi, zimekadiriwa kuwa shilingi 60,000. Wanafunzi wa kutwa wanaoishi karibu hurudi shuleni kusoma jioni, na kwa sasa husomea tochi za simu za walimu. Karatasi na wino wa kuchapa mitihani ya majaribio ni shilingi 38,000, na uji wa Jumamosi kwa muda uliosalia wa mwaka ni shilingi 21,400. Jumla ni shilingi 350,000. Wazazi wa hapa, katika eneo hili kame ambalo mvua imetupita tena, wamekwisha kuchanga shilingi 45,000, wengine kwa kuuza kuku na makaa. Zimebaki shilingi 305,000.

Hakuna senti itakayolipa mwalimu. Mwalimu mwenzangu na mimi tutasimamia vipindi vya jioni na vya Jumamosi kwa kujitolea, tena wakati wa muhula pekee, kwa kuwa Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza kuwafundisha watoto wakati wa likizo na hatutaivunja. Hapo ndipo kitabu cha mkononi kinapokuwa na thamani kubwa kuliko mwalimu. Likizo ya Agosti ikifika nitafunga darasa na kurudi kwangu, naye mtoto atakuwa malishoni na mbuzi wa babake, chini ya mti, na riwaya nzima magotini.

Mnaweza kuchanga kwa namna mbalimbali. Shilingi 600 ni kitabu kimoja, na shilingi 1,800 ni mtahiniwa mmoja kamili. Jina la mfadhili, akipenda, litaandikwa ndani ya jalada. Wanafunzi wetu wa zamani mlio Mombasa na Nairobi, tunawaomba mkusanyike kwa miaka mliyomaliza na kila kundi libebe watahiniwa kumi. Ndugu zetu mnaofanya kazi Doha, Dubai, Riyadh na Muscat, mnajua kuliko sisi mtu anavyodhulumika akitia sahihi mkataba wa Kiingereza asiouelewa. Tunajua pia kwamba mna nyumba nyingi za kutunza kwa mshahara mmoja, kwa hiyo mtakachotuma tutakipokea kwa shukrani, kiwe kikubwa au kidogo. Aliye na nakala ya kitabu teule aliyomaliza kusoma mtoto wake atuletee hiyo hiyo, hata kama ina maandishi ya kalamu pembezoni. Maandishi ya msomaji mwingine huwafundisha watoto wetu jambo.

Michango itumwe kwa akaunti ya shule ile ile inayopokea karo, ambayo nambari yake ya Paybill mnayo kwenye risiti zenu na pia imebandikwa katika ofisi ya karani. Tafadhali msimtumie mtu yeyote pesa kwa simu yake binafsi, hata akiwa mwalimu, hata akiwa mimi. Kila Ijumaa karani atabandika orodha ya michango kwenye ubao wa matangazo, na vitabu vitakapofika vitahesabiwa mbele ya wazazi wawili na viranja wawili kabla ya kugongwa muhuri na kuandikwa kwenye rejista.

Harambee yenyewe itafanyika Jumamosi ya pili ya muhula wa pili, kuanzia saa nne asubuhi, chini ya mwarobaini ulio mbele ya ofisi. Kidato cha nne kitaigiza onyesho moja la tamthilia, kina mama wa kikundi cha kijiji watatuchezea ngoma ya mwanzele, na mzee wetu ameahidi ngano nyingine. Kile kitabu chenye vipande vinne kitakuwa mezani, atakaye akitazame. Muuzaji ametuhakikishia kwamba akilipwa Jumatatu inayofuata, maboksi yatafika shuleni kabla ya wiki kwisha, na wa kwanza kuitwa mbele kupokea watakuwa wale wanne waliokuja kuniomba wembe.

Wenu katika kazi,
Mwalimu wa Kiingereza, kwa niaba ya Kamati ya Harambee